Kitufe cha Shavuni

Jumanne, 5 Januari

Joto limeanza mapema mwaka huu. Nimerudi kazini na vidole vyeusi kwa wino wa unga wa mashine za fotokopi, nikakuta nyumba imefungwa kila upande na kiyoyozi kinanguruma chumbani kwa kakaangu. Nilitaka kulala. Nimekaa kwanza jikoni, viatu mguuni, nikasahau nilikaa kwa sababu gani.

Naandika kwa kuwa sina nguvu ya kumsimulia mtu. Kaka alianguka mwaka jana kutoka juu ya paa alilokuwa analipaua. Shingo na kichwa anavigeuza. Kuanzia mabegani kwenda chini, hakuna kitu. Mdomo ndio uliobaki na nguvu zake zote. Daktari alituonya kwamba mwili wake hautoi jasho tena sawasawa. Sisi wengine tukipata joto tunalowa, tunapoa. Yeye anazidi kupanda tu, kama maji yaliyosahaulika jikoni. Mafundi wenzake walichangishana wakamnunulia kiyoyozi cha mtumba, nami nikahamia chumba cha nyuma ili nimsaidie mkewe. Kumsaidia kwenyewe ni jioni na Jumapili.

Ijumaa, 8 Januari

Joto. Mashine mbili za ofisi ya ardhi zimegoma. Wifi hajanisemesha.

Jumapili, 10 Januari

Leo nimeshinda nyumbani nikasikia siku yao ilivyo.

"Mke wangu! Feni!"

Wifi anatoka uani, anajifuta mikono, anaingia chumbani, anachukua rimoti, anabonyeza, anatoka. Hajafika kwenye beseni lake la nguo.

"Mke wangu! Hii stesheni inaniua kwa matangazo!"

Anarudi. Anabadilisha. Anatoka. Kisha kiyoyozi, baridi imezidi. Kisha kiyoyozi, baridi imepungua. Kuna mara nyingine kaka anaita, naye anabaki amesimama uani, ameshika nguo mbichi, anaangalia ukuta. Anahesabu kitu kichwani, sijui nini, halafu ndipo anakwenda. Niliudhika. Mume ni wake. Kubonyeza kitufe kuna uzito gani?

Nilipomlisha, kaka aliniambia, "Bisibisi." Ndivyo anavyoniita tangu utotoni. "Wewe unafumua mashine kubwa kama kabati la nguo. Hizi rimoti tatu zinakushinda?"

"Zinishinde vipi?"

"Nitengenezee kitu nijiwashie mwenyewe. Kichwa kinageuka. Niwekee kitufe hapa shavuni."

Nikamwambia nitaangalia. Nimechoka hata kusema hapana.

Alhamisi, 14 Januari

Nimeielekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu na kubonyeza. Kwa macho huoni kitu. Kwenye simu kile kitaa cha mbele kinametameta zambarau. Nikamwonyesha kaka. "Kumbe huwa inaongea," akasema. Inaongea, ndiyo. Kazi ni kuijua lugha.

Jumapili, 17 Januari

Nimeng'oa kijicho cha kupokea mwanga kutoka kwenye televisheni mbovu, kile cheusi chenye miguu mitatu, nikakiunga kwenye kompyuta yangu kuukuu. Ukibonyeza rimoti mbele yake, kompyuta inachora vistari, virefu na vifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa mpangilio wake. Bonyeza kitufe kilekile, hodi ileile. Televisheni ni mnyonge, jioni moja tu ameshasema siri zake zote.

Jumatano, 20 Januari

Kazini hadi jioni. Sijagusa kitu.

Jumapili, 24 Januari

Imefanya kazi! Kiboksi kidogo juu ya meza, na kwenye uso wake taa ndogo zinazowaka moja baada ya nyingine: ya kuwasha televisheni, ya kubadilisha stesheni, ya kupandisha sauti, ya kushusha. Kando ya mto nimefunga kitufe kikubwa. Kaka anasubiri taa anayoitaka iwake, anakigonga kwa shavu, na kiboksi kinatuma ile hodi.

Mara ya kwanza aliikosa taa, sauti ikapanda tukaruka wote. Mara ya pili akaipata. Halafu akawa hashikiki. Akabadilisha stesheni moja baada ya nyingine, bila kutazama hata moja, anacheka mpaka machozi, na machozi yenyewe nikamfuta mimi.

Wifi alisimama mlangoni. "Sasa haitazimwa tena hiyo," akasema, akaondoka.

Hata hongera hakuna. Kuna watu roho zao zimekauka.

Jumatano, 27 Januari

Hakuna mvua, hakuna hata wingu. Wifi anatembea ameshika kiuno kama bibi harusi aliyekosewa.

Jumapili, 31 Januari

Feni imeingia kwenye kiboksi. Ilinisumbua kwa sababu kitufe chake ni kimoja, cha kuwasha ndicho cha kuzima, na kiboksi hakiwezi kujua iko katika hali gani. Nilikuwa nataka kuongeza kifaa cha kuhisi upepo. Kaka akanitazama.

"Mimi nina macho, Bisibisi. Nitaona kama inazunguka."

Kweli. Wakati mwingine uchovu unamfanya mtu mjinga.

Jumatano, 3 Februari

Umeme umekatika mchana, umerudi jioni. Feni inarudi yenyewe. Kiyoyozi hakirudi mpaka ukiamshe kwa rimoti. Wifi alikiamsha.

Jumapili, 7 Februari

Nimeanza kiyoyozi. Nilidhani kitakuwa kama wenzake. Wapi! Kitufe kilekile cha kupandisha baridi, kila ukibonyeza kinatoa hodi nyingine, na ni ndefu, inajaza kioo chote. Nimeshinda nayo, shingo imekaza.

Ijumaa, 12 Februari

Sasa nimeelewa, na kuelewa kwenyewe kumenikatisha tamaa. Rimoti ya televisheni inasema neno moja: panda, shuka. Hii ya kiyoyozi kila mara inasoma risala nzima. Imewashwa, nyuzijoto kadhaa, upepo wa wastani, mabawa ya hewa yaelekee chini. Ukibadilisha nyuzi tu, inarudia yote tangu mwanzo. Na mwishoni inaweka alama ya kuhakikisha, inayotokana na yote yaliyotangulia. Alama isipolingana, kiyoyozi kinajitia hamnazo. Hakilii, hakiwaki, hakikwambii umekosea wapi. Kama msimamizi wangu.

Nikiijua kanuni ya ile alama nitaweza kutunga risala yoyote. Nimejaribu kujumlisha, kutoa, kugeuza. Bado.

Kaka aliniuliza, "Bado?"

"Bado."

"Unataka kuijua hiyo rimoti, au unataka nipoe?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwuliza anataka kazi safi au anataka kazi ya ovyo. Akageuzia uso ukutani.

Jumatatu, 15 Februari

Joto la leo ni la kukamata koo. Umeme unakwenda na kurudi.

Alhamisi, 18 Februari

Nitaandika ilivyokuwa, maana kulala siwezi.

Mchana nilikuwa ndani ya mashine ya ofisi moja ya mawakili, rola ziko sakafuni, simu ikaita. Ni jirani yetu mshona nguo, tunayechangia naye ukuta. Sauti yake haikuwa ya salamu.

"Njoo nyumbani. Njoo sasa hivi. Kakaako anaungua."

Nikadhani moto. Nikaziacha rola za watu chini, nikatoka mbio.

Kilichotokea ni hiki. Wifi alitoka asubuhi, hakumwambia mtu anakwenda wapi zaidi ya "nakuja." Akafunga madirisha, akaacha kiyoyozi kinafanya kazi, rimoti yake iko palepale kwenye msumari. Umeme ukakatika. Ukarudi. Feni ikaanza kuzunguka, kiyoyozi kikabaki kimekufa. Chumba kimefungwa, jua limekaa juu ya bati, na feni inamrushia kaka hewa ya moto usoni. Rimoti anaiona ukutani. Ingekuwa juu ya mwezi ingekuwa ni mamoja.

Aliita. Jirani alikuwa na cherehani yake na redio, hakumsikia. Aliita mpaka sauti ikakatika. Ndipo akageukia kiboksi. Akasubiri taa ya televisheni, akagonga. Akasubiri taa ya kupandisha sauti, akagonga. Inazunguka, inarudi, anagonga tena. Akaipandisha mpaka mwisho, mpaka ukuta ukatikisika, mpaka mshona nguo akaweka nguo za mteja chini na kuja kugomba. Alipitia mlango wa jikoni akiwa tayari na maneno yake. Akamkuta kaka kitandani. Uso mwekundu, mkavu, macho yamegeuka. Akawasha kiyoyozi, akalowanisha mashuka, akapiga simu.

Nilipofika tulimpakia kwenye gari la mteja wa mshona nguo. Njia nzima nilikuwa nampiga maji usoni, namwita jina lake la nyumbani. Hakuitika.

Hospitali walimwekea barafu kwapani na kumtundikia dripu. Nilikaa kwenye benchi. Saa ya kuona wagonjwa ikafika, na wifi huyo anakuja ukumbini, anatembea polepole, mkono kiunoni, kama mtu aliyetoka matembezini. Sijui ni nani aliyempa habari.

Nilisimama. Maneno yakanitoka, na sikuyazuia.

"Ulikuwa wapi? Umemfungia mume wako kama kuku kwenye tenga, ukaenda kupunga upepo? Kama umemchoka sema, tumchukue sisi tuliozaliwa naye!"

Watu wote waligeuka. Wifi alinitazama. Nilitaka anitukane, nipate pa kuendelea. Alinipita, akaingia kwa mumewe, akaanza kumkunjia shuka miguuni.

Ijumaa, 19 Februari

Kaka amefungua macho. Kitu cha kwanza alichosema, "Ile stesheni ilikuwa ya mahubiri. Nimeokoka kwa njia zote."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Kisha muuguzi akaniita pembeni, yule mnene anayevaa miwani ya kufunga kwa kamba. "Yule wifi yako," akasema, "naye anatakiwa awe kitandani. Unajua?"

"Kwa nini?"

"Jana mlipomleta mgonjwa, yeye alikuwa hapahapa chini, foleni ya mifupa. Mgongo umekwisha. Pingili mbili zimeteleza. Daktari amemwambia asinyanyue kitu, akacheka. Alicheka kweli, daktari akadhani anamdharau. Mimi ndiye niliyemwambia mumewe yuko huku juu."

Nilisimama na kikombe cha chai mkononi. Nikamwona tena uani, ameshika nguo mbichi, anaangalia ukuta. Hakuwa anahesabu kitu. Alikuwa anasubiri maumivu yapite ili aweze kuanza kutembea.

Jumatatu, 22 Februari

Tumemrudisha nyumbani. Nilimfuata wifi jikoni nikamwambia yale niliyoyasema ukumbini yananitia aibu, anisamehe.

"Shika hili beseni," akasema.

Nikalishika. Nikalimwaga, nikalirudisha. Akanipa ndoo. Nikashika na ndoo.

Jumatano, 24 Februari

Nimeomba likizo. Msimamizi amenuna, anune. Sasa mimi ndiye ninayemgeuza kaka, ninayemsafisha, ninayemketisha. Siku tatu tu na mikono imekuwa kama ya mtu mwingine. Wifi amefanya haya tangu mwaka jana peke yake, na mimi niliona anabonyeza rimoti tu.

Jumapili, 28 Februari

Nimeiacha kanuni ya ile alama. Kaka anahitaji mambo machache tu: kuwasha, kuzima, baridi kali, baridi ya wastani. Nitarekodi risala hizo kama zilivyo na kuzituma kama zilivyo, bila kujua zinasemaje ndani. Nilimwambia alikuwa na haki.

"Haki yangu ilikuja na dripu," akasema.

Wifi aliketi nami mezani, mto nyuma ya mgongo, yeye anabonyeza rimoti, mimi narekodi. Ni mara ya kwanza tumekaa meza moja zaidi ya dakika za kula.

"Hii nimeibonyeza mpaka nikaiota," akasema. "Naota naibonyeza, na yeye bado anaita."

Nikamwambia abonyeze tena.

Tulipomaliza tukajaribu. Kiyoyozi kimya. Tukajaribu tena. Kimya. Tulitazamana, tukaanza kucheka kile kicheko cha watu waliochoka, kisicho na furaha wala huzuni, mpaka akashika mgongo na kuniomba ninyamaze.

Alhamisi, 4 Machi

Bado kimya. Nimebadilisha kitaa cha kutuma mwanga, nikaweka chenye nguvu zaidi. Kimya. Mawingu yamekuja mchana yakaondoka.

Jumamosi, 6 Machi

Kosa lilikuwa langu. Programu niliyoiandika kwa ajili ya televisheni inapokea hodi fupi, na ilipofika kwenye risala ndefu ilikuwa inakata mkia bila kusema. Kila nilichorekodi kilikuwa hakina mwisho, na mwishoni ndiko iliko ile alama ya kuhakikisha. Nimeongeza nafasi. Wifi akabonyeza upya, nami nikarekodi upya.

Kisha nikawasha kiboksi, nikamsogezea kaka kitufe. Taa zikaanza kupita. Televisheni. Sauti. Feni. Kiyoyozi. Akagonga.

Kiyoyozi kikalia, mabawa yakafunguka.

Hakucheka kama siku ile ya televisheni. Alikizima. Akakiwasha. Akakizima. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekagua paa kabla ya kumwambia mwenye nyumba aingie. Nikaweka pia taa ya mwisho, ya kengele, inayoita simu yangu na ya mshona nguo.

"Umeme ukatike urudi?" akauliza.

Nikashusha swichi kuu, nikaipandisha. Kiboksi kikaamka chenyewe. Akangoja taa, akagonga. Kiyoyozi kikalia.

"Basi," akasema. "Sasa nina neno na mke wangu."

Jumanne, 9 Machi

Neno lenyewe hakulisema mpaka leo. Nilikuwa namnyoa, wifi anakunja nguo juu ya kiti, wote tumo chumbani. Nikataka kutoka, kaka akanizuia.

"Kaa, Bisibisi. Uwe shahidi." Akamgeukia mkewe. "Nilimwomba dada hiki kitu tangu Januari. Mlidhani nataka televisheni. Sikuitaka televisheni."

Wifi hakuacha kukunja.

"Nilitaka siku moja uweze kutoka mlangoni bila kuogopa kwamba utarudi unikute maiti. Ndiyo hii. Baridi najiwashia. Kengele ninayo. Dada yuko, na tutatafuta mtu wa kunigeuza. Wewe bado kijana. Nenda kwenu. Mimi sitakulaumu, na atakayekulaumu nitamtukana mimi mwenyewe, si unajua mdomo ninao."

Wembe nilikuwa nao hewani. Povu lilikuwa linakauka shavuni kwake.

Wifi aliweka chini shati alilolishika. Alinyooka, kwa vipande, kama anavyonyooka siku hizi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nani amekwambia nataka kwenda?"

"Nakuona. Unasimama uani unatazama ukuta. Huongei. Huli."

"Sitaki kwenda!" Ni mara ya kwanza nasikia sauti yake imepanda. "Nataka kulala! Nataka mtu mmoja katika nyumba hii aniambie lala, halafu asiniite. Basi. Niende kwetu nikafanye nini, nikawaeleze nini? Tangu umeanguka sijalala usingizi ukaisha wenyewe. Kila siku unakatwa. Unanifukuza kwa ajili ya usingizi ambao ungeweza kunipa hapahapa."

Kaka alinigeuzia shavu lenye povu. Nikamfuta povu. Wifi akarudi kwenye shati, akalikunja vibaya, akalikunjua, akaanza upya.

"Sikujua," kaka alisema baadaye.

"Hukuuliza."

Alhamisi, 11 Machi

Amepatikana kijana wa kiume aliyesomea uuguzi, atakuwa anakuja asubuhi kumgeuza na kumwogesha. Narudi kazini Jumatatu. Mgongo unaniuma mpaka kwenye meno.

Jumamosi, 13 Machi

Mchana baada ya kula, wifi aliburuta godoro lake mpaka chumbani kwa kaka, akalilaza chini ya dirisha kwa sababu ndiko kwenye ubaridi. Hakuuliza mtu. Akalala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, mkono chini ya shavu.

Niliketi kwenye kiti na kazi ya kushona kifungo. Kaka alikuwa macho. Kuna wakati nzi alitua usoni kwake, akatembea kutoka kwenye paji mpaka puani. Nikainuka nimfukuze. Kaka akanikatalia kwa macho, nisiburute kiti. Nzi akaondoka kwa hiari yake.

Kisha bati likaanza, tone hapa, tone pale, halafu yote kwa pamoja. Mvua ile ya kwanza, nzito, yenye harufu ya vumbi. Ubaridi ukaingia kupitia mapengo ya dirisha, na juu yake kiyoyozi kinaendelea kupuliza. Nikamwona wifi anajikunyata usingizini, anavuta kanzu ya kulalia afunike miguu.

Nilitaka kwenda kuchukua shuka. Kabla sijasimama, kaka alikuwa ameshageuza kichwa kuelekea kwenye kiboksi. Akazitazama taa. Zilipita zote, akaikosa aliyoitaka, akasubiri zizunguke tena. Akagonga taratibu, kwa shavu, kama mtu anayebusu.

Mabawa yakajifunga. Kiyoyozi kikanyamaza.

Ukimya ndio uliomshtua. Wifi aliinua kichwa, macho hayajafunguka vizuri, tayari anatafuta sakafu kwa mkono.

"Nani kazima?"

"Mimi," kaka alisema. "Lala."

Akalala.